Misionere Kijana Asiyekuwa Mzungu: Adrien Atiman katika Karema, Mwaka 1889



Wakati wa yubile ni desturi kuwahesabu mapadri waliotulea. Tunatafuta picha zao za zamani, tunawaonyesha watoto ndevu zao ndefu na kofia zao za jua, tunasema: "Hawa ndio wamisionere wetu." Ni haki kufanya hivyo, kwa maana mtoto asiyewashukuru wazee wake hana baraka. Lakini kwa kuzitazama picha hizo peke yake, tumezoea kuwaza kwamba misionere ni sherti awe mtu wa Ulaya, awe padri, tena awe amekuja na meli toka Antwerpen. Maana ya jina lenyewe ni pana kuliko hayo. Misionere ni mtu aliyetumwa.

Katika kurasa hizi ninapenda kusimulia habari za misionere mmoja aliyefika katika inchi ya ugeni akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hakuwa Mzungu wala hakuwa padri. Jina lake Adrien Atiman, na kazi yake ilikuwa uganga na ukatekista. Alifika Karema, kwenye ziwa Tanganika, mwanzoni mwa mwaka 1889, akakaa pale hata kufa kwake mwaka 1956.

Mtu atauliza: Karema iko Tanzania, nasi tuko Panda; habari hizo zatuhusu nini? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Lakini kwanza tumfuate kijana huyo katika njia yake.

I. MTOTO ALIYEUZWA

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 katika inchi ya mto Niger, si mbali na mji wa Tombouctou, katika Mali ya leo. Angali mtoto mdogo, Watuareg walimkamata, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka kusini mwa Algeria. Huko, mwaka 1876, Mapadri Weupe walimkomboa kwa pesa.

Shirika la Mapadri Weupe lilikuwa changa bado. Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Alger aliliunda mwaka 1868. Tena tukumbuke jambo moja: katika mwaka ule ule wa 1876, mapadri watatu wa shirika hilo, Paulmier, Ménoret na Bouchand, waliuawa jangwani katika safari yao ya kwenda Tombouctou. Wao walikufa wakielekea inchi alikozaliwa Atiman, na wakati ule ule mtoto wa inchi ile alikuwa akilelewa na ndugu zao. Njia ya jangwani ilifungwa. Mungu alikuwa akitengeneza nyingine, ambayo hakuna aliyeijua bado.

Lavigerie aliona kwamba vijana wa Ulaya waliotumwa katika Afrika walikufa upesi kwa homa. Akawaza kwamba Afrika itabadilishwa na Waafrika wenyewe. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ambamo vijana waliokombolewa utumwani waliweza kujifunza uganga katika chuo kikuu cha pale. Hakutaka wawe mapadri wote, wala hakutaka wawe watu wa Ulaya wenye ngozi nyeusi. Alitaka wawe waganga na makatekista, waoe, wakae na watu, na kwa kuponya miili wafungue mlango wa mioyo. Atiman alikuwa mmoja wao. Alimaliza masomo, na mwaka 1888 akatumwa.

Mwaka huo huo, tarehe 1 Julai 1888, Lavigerie, aliyekwisha kuwa Kardinali, alihubiri katika kanisa la Saint-Sulpice huko Paris juu ya ubaya wa biashara ya watumwa, akaiamsha Ulaya nzima. Hotuba ya Kardinali ilisomwa katika magazeti mengi. Lakini kijana aliyekuwa akisafiri kwenda ziwa Tanganika hakuhitaji kusoma magazeti ili ajue utumwa ni nini.

II. NJIA YA PWANI

Safari toka pwani ya bahari hata ziwani ilikuwa zaidi ya kilomita elfu moja, na watu waliikata kwa miguu. Hapakuwa na treni wala motokari. Mizigo yote ilibebwa na wapagazi, mabegani na vichwani: nguo na shanga za kununulia chakula njiani, vyombo vya misa, vitabu, dawa. Njia ile ile ndiyo waliyoifuata watumwa wakishushwa pwani. Aliyekuwa mtumwa akapanda katika njia walimokuwa wakishuka watumwa.

Wakati nao ulikuwa mbaya. Mwezi wa Agosti 1888 watu wa pwani, pamoja na kiongozi wao Abushiri, walianza kupigana na Wadachi waliotaka kutawala miji yao. Na kando ya ziwa lenyewe, Rumaliza wa Ujiji na watu wake walikuwa na bunduki nyingi, na misioni hazikulala usingizi mzuri. Kila msafara uliofika ziwani katika siku zile ulihesabiwa kuwa neema.

III. MAJUMA YA KWANZA

Mwanzoni mwa mwaka 1889 Atiman aliingia Karema. Tujue mahali alipofika.

Karema ilianzishwa mwaka 1879 na Kapiteni Cambier, Mbelgiji, kwa jina la shirika la kimataifa la Mfalme Leopold wa Pili. Alijenga boma karibu na maji. Lakini ziwa lilikuwa limevunja mlango wake kwenye mto Lukuga, maji yakateremka mwaka kwa mwaka, hata boma likabaki mbali na ufuko. Mwaka 1885 Mfalme aliwaachia Mapadri Weupe maboma yake mawili: Karema upande wa mashariki, na Mpala upande wetu wa magharibi. Ndani na kando ya Karema walikaa watoto waliokombolewa, watu waliotoroka utumwa, maskini waliokimbia vita, na jirani zao Wabende na Wafipa. Kijiji kile kilikuwa cha watu wa kila kabila, ambao wengi hawakuzaliwa pale. Ninaomba msomaji alitunze jambo hilo moyoni.

Kijana alifika wakati wa mvua, wakati wa homa. Tusisahau hali ya uganga wa siku zile. Kinini ilikuwako, na chanjo ya ndui ilijulikana. Lakini hakuna daktari duniani aliyejua kwamba malaria inaletwa na mbu. Jambo hilo Ronald Ross alilivumbua mwaka 1897. Penisilini haikuwako. Mganga wa mwaka 1889 alikuwa na kisu chake, dawa chache zilizopona maji ya njiani, na akili yake. Dawa zikikwisha, alipaswa kungojea msafara mwingine, miezi mingi.

Jaribio la kwanza lilikuwa lugha. Alijua Kifaransa, na mgonjwa wa Karema hakujua neno moja la Kifaransa. Mganga asiyeweza kuuliza "Unaumwa wapi? Tangu siku gani?" ni kama mtu anayetafuta sindano gizani. Ngozi nyeusi haikumsaidia kitu katika hilo. Toka Niger hata Tanganika kuna mbali kuliko toka Roma hata Niger. Lugha zake na zao hazifanani. Mbele ya kumponya mtu yeyote ilimpasa kukaa chini kama mtoto wa shule, kujifunza Kiswahili na lugha za jirani, na kukubali kuchekwa.

Jaribio la pili lilikuwa imani ya wagonjwa. Karema haikukosa waganga. Walikuwako wazee waliojua mizizi na majani, na watu waliwaendea tangu zamani. Mgeni akija na kisu na chupa, nani atamkabidhi mtoto wake? Uganga wa chuo kikuu haumpi mtu heshima mbele ya mama ambaye mtoto wake anatetemeka kwa homa. Heshima hiyo inapatikana kwa mgonjwa mmoja aliyepona, kisha wa pili, kisha wa tatu. Atiman alikuwa na akili ya kutoudharau ujuzi aliouta pale. Alijifunza dawa za inchi, akazijaribu, akazitumia pamoja na zile za Ulaya. Kwa hiyo jina "mganga", ambalo wengine walilitumia kwa dharau, kwake lilibaki jina moja la heshima kwa kazi mbili.

Jaribio la tatu lilikuwa gumu kuliko yote, nalo ni la kukosa mahali. Kwa mapadri, alikuwa ndugu na msaidizi, lakini hakuwa mmoja wa shirika lao. Kwa wenyeji, alikuwa Mwafrika, lakini hakuwa na ukoo pale, wala kaburi la babu, wala shamba. Kwa wafanyabiashara wa utumwa, alikuwa mali iliyowatoroka wenzao. Mtu wa namna hiyo ana njia mbili. Aweza kujifungia katika uchungu wake, akahesabu siku za kurudi. Lakini Atiman alikuwa na kwao gani pa kurudi? Au aweza kufanya mahali alipotumwa kuwa kwao. Alichagua njia hiyo ya pili.

IV. ALIYEKUJA AKAKAA

Alimwoa Agnes Wansahira, wa ukoo wa watawala wa Wabende. Kwa ndoa hiyo mtu asiye na ukoo alipata wakwe, shemeji na shamba, na watu wa inchi wakapata jina la kumwita. Mwana wao Joseph alipewa daraja ya upadri mwaka 1923. Mtoto wa mtu aliyeuzwa kwa pesa alisimama altareni.

Tuone urefu wa kazi yake. Toka mwaka 1889 hata 1956 ni miaka 67. Katika muda huo serikali ya Wadachi ilikuja ikaondoka, vita kubwa mbili za dunia zilipita, maaskofu na mapadri walibadilishwa au walizikwa, na Atiman alikuwa pale pale, akifunga vidonda asubuhi, akifundisha katekisimu, akiwabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Maisha yake, aliyoyasimulia mwenyewe, yalipigwa chapa mwaka 1946. Alikufa tarehe 24 Aprili 1956, mzee wa miaka karibu tisini.

V. NGAMBO YETU YA ZIWA

Sasa ninalijibu swali la mwanzo. Maji ya ziwa Tanganika hayakai Karema. Yanatoka kwa mto Lukuga, karibu na Kalemie, yanaingia Lualaba, yanapita katika inchi yetu. Neno la Mungu lilipita vivyo hivyo.

Karema na Mpala zilikuwa kama ndugu mapacha: maboma mawili ya mtawala mmoja, waliyoyapokea mapadri wa shirika moja katika mwaka mmoja. Katika ngambo yetu alikuwako Kapiteni Léopold Joubert, Mfaransa, askari wa zamani wa Papa. Alikuja Mpala mwaka 1887 kuwalinda wanyonge. Yeye naye hakuwa padri. Yeye naye alioa mwanamke wa inchi, Agnes Atakao, mwaka 1888. Yeye naye alikaa mpaka kufa, mwaka 1927, karibu na Moba. Na mwenzake Atiman katika masomo ya Malta, Joseph Gatchi, alifanya kazi ya mganga na katekista katika ngambo hii ya Kongo. Katika mashina hayo ulikua mti tunaoujua: tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Askofu Victor Roelens alimpa Stefano Kaoze daraja ya upadri, naye akawa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi zetu.

Angalieni basi: mbele ya Kaoze walikuwako walei. Aliyefunga kidonda, aliyelinda mlango, aliyefundisha ishara ya msalaba. Padri alivuna, wao walilima.

VI. NA SISI WA PANDA?

Mahali petu palikuwa na watu wake tangu zamani. Basanga walichimba shaba na kuiyeyusha mbele ya kuja kwa kampuni yoyote. Kisha Union Minière iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Treni ilifika Élisabethville mwaka 1910. Na katika miaka ya 1920 makina za Panda zilianza kusaga mawe ya shaba. Kampuni ilihitaji mikono, ikaitafuta mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi. Mwanzoni walikuja vijana peke yao, kwa mkataba mfupi. Kufika mwisho wa miaka hiyo ya 1920, kampuni iliamua kuwakalisha miaka mingi, pamoja na wake zao. Ndipo makambi yakawa vijiji, na kilio cha mtoto mchanga kikasikika pamoja na sauti ya makina.

Kwa upande wa Eklezya, Prefektura ya Katanga iliundwa tarehe 5 Agosti 1910, ikawekwa mikononi mwa Wabenediktini pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa Askofu mwaka 1932. Mapadri walikuwa wachache, na makambi yalikuwa mengi. Nani alikaa na wafanyakazi jioni, baada ya kazi, kuwafundisha sala? Makatekista. Nao wengi walikuwa wageni kama Atiman: watu waliotoka mbali, waliojifunza Kiswahili wakiwa watu wazima, wakafundisha wengine waliokuwa wakikijifunza vilevile. Kiswahili tunachosali nacho leo hakikuwa lugha ya mama kwa wengi wa wazee wetu. Kilikuwa lugha ya kukutana.

Panda, kwa hiyo, inafanana na Karema kuliko tunavyowaza. Ni kijiji cha watu wa kila kabila, ambao babu zao wengi hawakuzaliwa hapa.

Tulipoyasahau hayo, tuliona matunda yake. Katika miaka ya 1992 na 1993, makumi ya maelfu ya watu walioitwa "wageni", kwa sababu babu zao walitoka Kasai, walifukuzwa katika nyumba zao katika mji huu wa Likasi. Walilala kwenye stasio ya treni na kando yake, miezi na miezi, wakingojea mabehewa. Wengi walikufa pale, na watoto walikuwa wa kwanza. Sisi tulio katika miaka arobaini leo tulikuwa watoto. Tuliona benchi za shule na za kanisa zikibaki na nafasi. Waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa. Na waliowafukuza, wengi wao vilevile walikuwa wamebatizwa. Kitabu cha yubile kisichotaja siku hizo kingekuwa kitabu cha nusu. Siandiki hivi ili kufungua kidonda. Ninaandika kwa sababu kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa hakiponi, na jambo hilo mganga wa Karema alilijua.

Tukiuliza Atiman alikuwa mtu wa wapi, jibu la karatasi ni Mali. Jibu la watu wa Karema ni lingine. Mgeni huwa mwenyeji kwa siku alizokaa, kwa wagonjwa aliowaamkia usiku, kwa watoto aliowafundisha. Na anayepokea mgeni hapotezi kitu cha babu zake. Wabende hawakupungukiwa kwa sababu ya Atiman. Walipata mganga, mkwe, na padri.

VII. NENO LA MWISHO

Wapenzi Wakristu, yubile katika Maandiko Matakatifu ni mwaka wa kufunguliwa watumwa na wa kila mtu kurudi kwa jamaa yake. Ili yubile yetu isiwe karamu na vitambaa tu, ninatoa maombi mawili.

La kwanza ni kwa familia zote za parokia. Majina ya mapadri wetu yameandikwa. Majina ya makatekista wa kwanza wa makambi mengi hayakuandikwa. Wazee husema tu "yule mwalimu wa dini". Basi kila jumuiya iwaulize wazee waliobaki, mbele hawajatuacha: aliyekufundisha sala ni nani? Alitoka wapi? Amezikwa wapi? Majina hayo yaletwe kwa baraza la parokia, yaandikwe katika kitabu kimoja, kabila zote pamoja, kama vile yangeandikwa katika kitabu cha ubatizo.

La pili ni kwa vijana. Msingojee kuwa mapadri au masista ili mtumwe. Atiman hakuwa na mali wala ukoo, na kadiri ya hesabu ya watu alianza maisha akiwa bidhaa ya soko. Alichokuwa nacho ni kazi aliyojifunza vizuri, na moyo wa kukaa mahali alipotumwa. Vitu hivyo viwili vinapatikana hata Panda.

Na ninyi waheshimiwa Mapadri mliotutembelea, wengine toka inchi nyingine, mkiwa katika majuma yenu ya kwanza kati yetu na mkitafuta bado maneno ya Kiswahili: msiogope kuchekwa. Wazee wetu nao walianza hivyo.

Mungu awape raha ya milele makatekista wote waliotangulia, wanaojulikana kwetu na wanaojulikana kwake peke yake. Amina.